Hemoglobini Ina Majina Mengi: Nyumba Isivunjwe kwa Kipimo Kimoja



Tuliahidi kwamba juma hili tungezungumza juu ya lishe ya mama anayenyonyesha. Twaomba radhi, mazungumzo hayo tumeyaahirisha, kwa kuwa limetufikia jambo lisiloweza kungoja.

Baada ya darasa la akina mama hapa Miritini, dada mmoja alibaki nyuma hadi wenzake wote walipokwisha kuvaa viatu na kwenda zao. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za maabara, zimekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imeanza kupasuka. Ya kwanza ni ya mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto huyu tangu alipopata miezi minane vidole vya mikono na miguu humvimba, hulia usiku kucha, na macho yake huwa ya manjano. Karatasi yake yasema: SS. Ya pili ni ya mumewe. Hiyo yasema kwamba kipimo cha selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu twauita siko seli, ni hasi, yaani hana.

Kila mwenye kujua kidogo habari za ugonjwa huu ajua kwamba SS maana yake ni S moja kutoka kwa mama na S moja kutoka kwa baba. Ikiwa baba hana, S ya pili imetoka wapi? Swali hilo hakuliuliza daktari. Liliulizwa na mawifi ukumbini, likarudiwa jikoni, mwishowe likawa haliulizwi tena kwa maneno bali kwa kimya, nacho ndicho kibaya zaidi. Dada yule alikuwa amerudi kwao, na hilo lilikuwa juma lake la tatu. Hakuja kutuuliza dawa ya mtoto. Alituuliza kama kipo kipimo cha kumthibitishia mumewe kwamba hakumfanyia khiana.

Tumewaomba ruhusa yeye na mumewe kuyaandika haya, nao wameridhia kwa sharti kwamba tusiwataje. Tumewaahidi, na tumebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulikane mtu.

Hemoglobini ndiyo protini inayozipa chembechembe za damu wekundu wake, na kazi yake ni kuichukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini. Kwa mtu mzima wa kawaida imefumwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una viungo 146 vilivyopangwa kimoja baada ya kimoja kama shanga za tasbihi, na kila kiungo kina nafasi yake. Katika hemoglobini S ni kiungo kimoja tu kilichobadilika, cha 6, kama alivyogundua Vernon Ingram kule Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Shanga moja katika 146, na chembe ya damu ikikosa oksijeni yajipinda kama mundu, yaziba mishipa midogo, na mtoto alia kwa maumivu ya mifupa.

Ila S si hemoglobini pekee ya kurithi iliyobadilika. Zimekwisha kutambuliwa zaidi ya 1,000 duniani. Nyingi hazimdhuru mwenye nazo, aishi nayo na afe nayo bila kujua. Nyingine ni salama zikiwa peke yake, lakini zikikutana na S ndani ya mtoto mmoja huleta maradhi yale yale ya selimundu. Hapo ndipo nyumba ya dada yetu ilipojikwaa.

Kipimo alichofanyiwa mumewe ni kile chepesi cha kuangalia kama damu yajipinda. Tone la damu hunyimwa oksijeni, kisha fundi wa maabara hutazama kwa hadubini kama chembe zimekuwa mundu. Ni kipimo chema, ni rahisi, nacho kimesaidia wengi. Lakini chajibu swali moja tu: je, humu mna hemoglobini ya kujipinda? Ni sawa na kupiga hodi mlangoni na kuuliza kama Fulani yumo. Ukijibiwa hayumo, hujajua ni nani aliyemo. Tena hata kikisema ndiyo, hakitenganishi baina ya mbebaji wa S moja, ambaye ni mzima, na mgonjwa mwenye SS. Na kwa mtoto aliye chini ya miezi sita chaweza kusema hapana ilhali ni ndiyo, kwa sababu damu ya kichanga bado imejaa hemoglobini ya tumboni, ambayo humlinda. Ndiyo maana maradhi haya hayadhihiri mapema, na mama akadhani mtoto ametiwa jicho alipofikia umri wa kukaa.

Na kipimo cha mtoto, kile kilichoandika SS? Hicho ni kikubwa zaidi. Waganga wakiita elektroforesisi. Hemoglobini huwekwa juu ya karatasi maalumu au utando, ukapitishwa umeme, nazo zikaanza kukimbia kama ngalawa za mashindano. Kila moja husimama mahali pake kwa kadiri ya chaji ya umeme iliyonayo. S imepungukiwa chaji moja, basi husimama nyuma ya A, ile ya kawaida. Kilicho muhimu ni kwamba umeme hautazami jina. Watazama chaji tu. Ipo hemoglobini nyingine iitwayo D-Punjab. Kilichobadilika kwake si kiungo cha 6 bali cha 121, mbali kabisa, lakini nayo imepungukiwa chaji ile ile moja. Ngalawa hizi mbili hufika pamoja na kutia nanga mahali pamoja. Mtoto aliyerithi S kwa mama na D kwa baba ataonekana ana mstari mmoja tu, na asiyeendelea kupima ataandika SS.

D yenyewe haijipindi. Baba aliye nayo akipimwa kwa kipimo cha hodi ataambiwa hana kitu, na hapo ni kweli kabisa kwamba hana S.

Wala sisi si wa kwanza kupatwa na kitendawili hiki. Harvey Itano alikuwa mmoja wa wale waliofanya kazi na Linus Pauling huko California. Mwaka 1949 walionyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa protini iliyobadilika umbo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1951, Itano akaeleza habari za familia moja ya Los Angeles yenye watoto wagonjwa. Ndani ya damu yao mlikuwa na hemoglobini iliyokimbia sawasawa na S lakini haikuwa S. Ndiyo hiyo D. Kwa hiyo maabara za ulimwengu zimelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 70. Twalisema hili bila kumlaumu mtu, lakini hatuwezi kuficha kwamba limetuuma.

Tulimshauri dada yetu aende na mumewe pamoja, wapimwe wote watatu kwa njia nyingine: kromatografia, ambayo huzitenganisha hemoglobini kwa namna isiyotegemea umeme wa karatasi, na kuionyesha D kando na S. Mume alikubali. Twampongeza, kwani mwenye shaka angeweza kukataa. Majibu yalipotoka, mama alikuwa A na S. Baba alikuwa A na D. Mtoto alikuwa S na D.

Mtoto ni wa baba yake. Hiyo D aliyo nayo ni ya baba yake hasa, imeandikwa.

Mavyaa wake alipoonyeshwa jina Punjab alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba babu yake yeye alikuwa Mpunjabi, fundi wa reli. Twazungumzia reli ile ya kwanza, si hii ya stesheni mpya ya Miritini iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Kazi ya reli ile ilianza Mombasa mwaka 1896, na maelfu ya vibarua na mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wa Punjabu, Waislamu na wasio Waislamu. Njia ikavuka Makupa, ikapita Changamwe na huku kwetu kuelekea Mazeras. Wengine walirudi kwao, wengine wakaoa hapa, na wajukuu wao leo ni Waswahili wasiojua neno moja la Kipunjabi. Lugha imepotea, mavazi yamepotea, kiungo cha 121 kimebaki.

Pwani yetu ni hivyo. Damu zetu ni daftari la kila jahazi lililotia nanga. S yenyewe imekuwa hapa tangu kale, na ina sababu yake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1949, akapima watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akakuta wabebaji wa S ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Akatambua kwamba ramani ya S yafuatana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 akatangaza ushahidi kwamba mbebaji wa S moja hukingwa na malaria. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu, wameonyesha baadaye kwamba kinga hiyo ni kubwa sana dhidi ya malaria kali, kiasi cha asilimia 90. Basi anayeona haya kuitwa mbebaji na ajue kwamba huenda bibi na babu zake walipona kwa sababu hiyo.

Pamoja na S zimekuja nyingine. Ipo O-Arab, ambayo nayo imebadilika pale pale kwenye kiungo cha 121, ila kwa namna nyingine. Katika elektroforesisi ya kawaida hukaa pamoja na C ya Afrika Magharibi na E ya Asia ya Kusini-Mashariki, hata watatu hao wakadhaniwa mmoja. Na tofauti yao si ndogo: O-Arab ikikutana na S ugonjwa ni mkali, ilhali E ikikutana na S aghalabu ni mwepesi. Ipo S-Oman, iliyoelezwa mwaka 1989, yenye mabadiliko mawili katika mnyororo mmoja, la S kwenye kiungo cha 6 na la O-Arab kwenye 121. Hiyo ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu aweza kuugua. Ni wangapi kati yetu wenye ami na shangazi Maskati?

Ipo pia iliyopewa jina la nchi yetu, Hemoglobini Kenya, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1972. Mnyororo wake ni wa ajabu: waanza kama ule wa kichanga wa tumboni, uitwao gama, na kuishia kama beta, kana kwamba fundi aliunga vipande viwili vya kanga tofauti. Mwenye nayo ni mzima, na aliyeirithi pamoja na S aghalabu huugua kidogo sana. Mama wa mtoto huyo na mama wa mtoto wa S na D waweza wote kuambiwa, “Mtoto ana S na kitu kingine.” Kitu kingine hicho ndicho kitakachoamua maisha ya mtoto. Ndiyo maana twasisitiza jina.

Kisha thalasemia. Hii si hemoglobini iliyobadilika umbo bali ni upungufu: mwili hautengenezi minyororo ya kutosha. Thalasemia ya beta yapatikana zaidi kwa wenye asili ya Uarabuni, Baluchistani, Sindi, Kachi na Gujarati, na hao ni sehemu ya mitaa yetu. Mbebaji wake akipimwa kwa kipimo cha hodi ataambiwa hana kitu, na hata elektroforesisi yaweza kuonyesha A tu, isipokuwa ipimwe sawasawa sehemu ndogo iitwayo A2, ambayo kwake huwa imezidi. Akimwoa mwenye S, mtoto wao aweza kuwa na selimundu kamili, na karatasi ikaandika SS vile vile. Kitendawili kile kile kwa mlango mwingine. Tumejiuliza ni nyumba ngapi zilizovunjika kwa hesabu hii isiyokamilika, na wanawake wangapi waliobeba tuhuma hadi kaburini. Dini yetu imelifunga vikali lango la kusingizia zinaa, ikataka mashahidi wanne. Karatasi ya maabara haikuwa mmoja wao.

Tumeulizwa kuhusu ndoa za binamu, na hatutalikwepa swali. Ndoa hizo ni halali, na wengi wetu ni watoto wa ndoa hizo. Hesabu yake ni hii: ikiwa bibi ana hemoglobini adimu, kila mjukuu ana uwezekano wa 1 katika 4 kuwa nayo, na uwezekano wa wajukuu wawili mabinamu, waliotokana na watoto wake wawili tofauti, kuwa nayo wote wawili ni 1 katika 16. Kwa watu wasio na udugu, uwezekano wa kukutana wawili wenye kitu adimu kile kile ni mdogo mno. Wasiokatazwa na waoane, lakini wapimwe kabla ya posa kujibiwa, si baada ya kadi za mwaliko kutawanywa. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 huwataka wachumba wapimwe selimundu na thalasemia kabla ya nikahi, na majibu hayawazuii kuoana. Huwapa kujua tu. Hapa hakuna anayetulazimisha, ndipo inapobidi wazazi wajilazimishe.

Wakiwa wote wawili ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 katika 4 wa mtoto mgonjwa. Kila mimba, twarudia. Tumemsikia mama mmoja akisema, “Wa kwanza amekwisha kuugua, basi watatu wafuatao watakuwa salama.” La, mama. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Mkienda kupimwa, msiombe “kipimo cha siko seli” tu. Ombeni hemoglobini itambuliwe kwa jina, kwa elektroforesisi au kromatografia, na A2 ipimwe, pamoja na hesabu kamili ya damu. Majibu ya mzazi na mtoto yasipopatana, ombeni yahakikiwe kwa njia ya pili kabla ya mtu kufungua mdomo. Aliyeongezwa damu karibuni angoje miezi mitatu au zaidi, maana kipimo kitasoma damu ya aliyemtolea. Na karatasi ihifadhiwe pamoja na cheti cha ndoa, kwa ajili ya wajukuu.

Neno moja kwa wazee wenye kisukari, kwa sababu liko humu humu. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kiitwacho A1c, hupimwa juu ya hemoglobini. Mwenye S, C, D au E aweza kupata namba isiyo sahihi kwa baadhi ya mashine, ikawa juu au chini kuliko ukweli. Akiona A1c yake haifanani na anayoyaona kila siku kidoleni, amweleze daktari habari ya hemoglobini yake.

Kwa mtoto wa S na D tiba ni ile ile ya SS: kinga ya viini tangu udogoni, chanjo, maji ya kutosha, kukingwa na malaria, na dawa ya hidroksiurea. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi. Majibu yalichapishwa mwaka 2019, na yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo vyote vilipungua. Inahitaji daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Isinunuliwe dukani kwa kusikia.

Dada yetu amerudi kwake. Hatukuuliza ni maneno gani yaliyosemwa siku ile, hayo ni yao. Mtoto ameandikishwa kliniki na ameanza dawa. Muuguzi aliwafundisha namna ya kumpapasa tumbo upande wa kushoto, kuangalia kama bandama imevimba ghafla, kwani hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa ile ile. Mavyaa ndiye anayempapasa kila asubuhi kabla ya chai. Mawifi wawili wamekwisha kupimwa, na mmoja ana D.

Juma lijalo, inshaallah, ni lishe ya mama anayenyonyesha kama tulivyoahidi.